Sabuni ya nyumbani: Chagua kikokotoo kinachouliza maswali

WENGI wanaojitengenezea sabuni nyumbani siku hizi hawabahatishi tena vipimo. Wanafungua simu, wanatafuta kikokotoo, wanaandika aina na uzito wa mafuta, nacho kinawatajia kiasi cha kostiki soda na maji. Hilo ni jambo jema, mradi kikokotoo chenyewe kiwe cha kuaminika na anayekitumia aelewe kinachohesabiwa. Soda ikizidi, sabuni huchoma ngozi, hasa ya mtoto.

Msingi wa hesabu si mgumu. Kila aina ya mafuta ina namba yake, yaani kiasi cha soda kinachohitajika kugeuza gramu moja ya mafuta hayo kuwa sabuni. Namba ya mafuta ya nazi ni karibu 0.183, mawese 0.142 na nyonyo 0.128. Tuseme una gramu 500 za mawese, 400 za nazi na 100 za nyonyo. Mawese yatataka gramu 71 za soda, nazi 73.2 na nyonyo 12.8, jumla gramu 157. Kwa usalama hupunguzwa asilimia 5, ili mafuta kidogo ndiyo yabaki, wala si soda. Unapata gramu 149.

Sasa angalia hatari ilipo. Vikokotoo vingi vina mahali pa kuchagua kati ya NaOH na KOH. Ya kwanza ndiyo kostiki soda ya sabuni ya mche. Ya pili ni potasi, ya sabuni ya majimaji, nayo huhitajika kwa uzito mkubwa zaidi. Kwa mafuta yale yale, ukibonyeza KOH ya usafi wa asilimia 90, utaambiwa upime gramu 233 hivi. Anayepima kostiki soda kwa hesabu hiyo amezidisha gramu 76 juu ya kile ambacho mafuta yote yangeweza kumaliza. Sabuni ya namna hiyo haifai hata kufulia.

Kwa hivyo kikokotoo kizuri hujulikana kwa maswali kinayouliza. Je, unatumia soda au potasi? Usafi wake ni asilimia ngapi? Unataka kupunguza kiasi gani? Kile kinachopima mafuta kwa vikombe au lita, achana nacho. Lita moja ya mafuta ya nazi ina uzito wa gramu 920 hivi, na ukiihesabu kama kilo nzima, ile asilimia 5 ya usalama inaisha yote na soda inabaki. Bila mizani ya jikoni inayosoma gramu, afadhali usianze.

Kabla ya kukiamini, kijaribu. Andika gramu 1,000 za mafuta ya nazi, NaOH, na punguzo sufuri. Jibu linapaswa kukaribia gramu 183. Tofauti ya gramu chache si neno, kwa kuwa mafuta ya mimea hayalingani kabisa, lakini kikikupa 257, ujue kimehesabu potasi.

Kuna jambo ambalo hakuna kikokotoo kitakachokuonya, nalo ni mafuta yenyewe. Baadhi ya chupa za mafuta ya nywele zimeandikwa nazi kwa herufi kubwa, lakini ukisoma orodha ndogo iliyo nyuma utakuta paraffinum liquidum. Hayo ni mafuta ya madini, yatokanayo na petroli, na hayageuki sabuni hata yakae na soda mwaka mzima. Kila gramu yake uliyoihesabu kuwa nazi inaacha soda yake ndani ya mche. Nunua mafuta ya nazi ya kula.

Wanaotengeneza losheni wasitumie kikokotoo cha sabuni hata kidogo. Hapo hakuna soda. Kinachotakiwa ni hesabu ya asilimia, ambapo maji, mafuta na dawa ya kuzuia kuoza vinajumlika kuwa 100. Dawa kama fenoksiethanoli, kwa sheria za Muungano wa Ulaya, haipaswi kuzidi asilimia 1, yaani gramu 5 katika nusu kilo. Hiyo ni nusu kilo ya losheni yote, si ya maji peke yake.

Tena kikokotoo hakioni sufuria yako. Sufuria za alumini tulizozizoea huliwa na soda, na hutoa gesi inayoshika moto. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu. Tia soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, na uvae glavu na miwani. Ikirukia jicho, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, kisha uende hospitalini hata kama maumivu yamepungua.