SOMO LA KIINGEREZA: "MUST NOT" SI "NEED NOT"



Kwa sheria ya mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama Tanzania Bara. Hata hivyo mikataba mingi ya biashara bado huandikwa kwa Kiingereza, na mkulima hutakiwa kuitia sahihi. Yafaa basi tujue neno dogo "not" linavyokaa.

Tuwatazame wakulima wa Nachingwea na Ruangwa. Korosho kwao ni kama karafuu kwetu. Huzipeleka katika chama cha msingi, kisha huuzwa mnadani kupitia chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kuwauzia walanguzi nje ya mnada, yaani kangomba, ni marufuku, kama magendo ya karafuu yalivyo marufuku kwetu.

Tuseme ghalani huko pamebandikwa matangazo mawili:

"Members must not sell outside the auction."
"Members need not bring sacks."

La kwanza ni katazo: wanachama wasiuze nje ya mnada. La pili ni ruhusa: si lazima walete magunia, lakini atakaye na alete. Mtu akidhani "must" ni "lazima", basi "must not" ni "si lazima", ataona kuuza nje ya mnada ni hiari yake. Atauza, na atajitia matatani.

Kosa hili lina sababu. Kiswahili huhamisha ukanushi: "si lazima uuze" ni mbali na "lazima usiuze". Kiingereza hakifanyi hivyo. "Not" hukaa pale pale, baada ya neno la kusaidia na kabla ya kitendo. Kinachobadilika ni neno la kusaidia lenyewe.

Tushike haya:

1. "Must not": ni marufuku.
2. "Need not", au "do not have to": si lazima.
3. "Cannot": haiwezekani. Huandikwa neno moja.
4. "Should not": haifai.
5. "May not": lina maana mbili. "The buyer may not open the sacks" ni kwamba mnunuzi haruhusiwi kufungua magunia. "The lorry may not come today" ni kwamba huenda lori lisije leo. Katika mkataba, mara nyingi ni katazo.

Tusiseme "do not must" wala "must to not". Hayo si Kiingereza.

Jaribuni kufasiri, mkiwa mmefunika majibu:

(a) Si lazima ulipe leo.
(b) Ni marufuku kuanika hapa.
(c) Huenda mnunuzi asije.

Majibu: (a) You need not pay today. (b) You must not dry them here. (c) The buyer may not come.

Na mwenye shaka juu ya neno moja katika mkataba, aulize kwanza. Kalamu ikishapita, ni vigumu kuirudisha nyuma.