Mtani Ana Kazi Gani Msibani?

Katika somo la mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelikuta nyumbani tangu utoto, na kwa sababu hiyo hatujapata kuliuliza maana yake: utani. Tumelichagua kwa ajili ya kosa tulilolifanya sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita alifariki Mkristo mwenzetu mmoja, Mzaramo, mtu wa heshima katika mtaa wetu. Sisi wazee wa kanisa tulipewa kazi ya kutunza utaratibu. Asubuhi ya maziko wakafika watani wake, Wanyamwezi watatu, wanaume wawili na mama mmoja. Mmoja akajilaza juu ya mkeka wa marehemu, akasema haondoki mpaka alipwe deni lake. Wa pili akatwaa fimbo ya marehemu, akatembea akichechemea kama yeye alivyokuwa akichechemea, huku akiita, "Chai iko wapi?" kwa sauti ile ile. Watoto wakacheka. Sisi tukakasirika. Tuliona ni dharau kwa marehemu na kwa ibada, tukawaamuru waondoke. Wakaondoka bila ugomvi.

Jioni tukapata habari kwamba mjane hajatia kitu kinywani kwa siku mbili. Dada zake walimbembeleza, akakataa. Wakwe zake hawakuweza kumlazimisha, maana heshima haikuwaruhusu. Padre alimsihi, naye akaitikia, "Ndiyo, Baba," na uji ukapoa pale pale. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya akasema, "Wenye kazi hiyo mmewafukuza asubuhi." Akatumwa kijana kwa baiskeli. Mama yule wa Kinyamwezi akarudi, akaketi chini mbele ya mjane, akashika bakuli, akatangaza kwa sauti ya marehemu kwamba kama mke wake hautaki uji huu, yeye anafufuka sasa hivi aje kuunywa. Mjane akacheka. Kisha akalia, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu siku ya kwanza. Kisha akanywa.

Basi hebu tuliangalie jambo hili kwa makini kuliko tulivyoliangalia asubuhi ile.

Utani huanza katika jamaa. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mjukuu wa kike humwita "mke mwenzangu". Mjukuu aweza kumwambia babu neno ambalo akimwambia baba yake atachapwa. Watoto wa shangazi na watoto wa mjomba hutaniana katika makabila mengi, na shemeji vile vile. Lakini kwa mama mkwe hakuna mzaha hata kidogo. Ziko kabila ambazo mwanamume akimwona mama mkwe njiani hugeuka akapita kichakani. Mtu mmoja, siku moja, katika nyumba moja, huwa mcheshi kwa huyu na bubu kwa yule, na hakuna aliyemwandikia sheria.

Mwaka 1940 mtaalamu mmoja wa Uingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika juu ya desturi hizi katika jarida liitwalo Africa. Alieleza kwamba kuepukana na kutaniana ni dawa mbili za ugonjwa mmoja. Ndoa huwaunganisha watu waliokuwa wageni, nao wana sababu za kupatana na sababu za kugombana. Basi ama wakae mbali kwa heshima, ama watukanane kwa mzaha, hata ugomvi wa kweli ukose mahali pa kuingilia. Twaona alisema vizuri. Ila bibi zetu wangemwongezea habari ya jembe, nasi tutaifikia.

Utani wa makabila nao una historia yake. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19. Wajukuu wao ni watani, na Mngoni akimwona Mhehe ananenepa humwuliza amekula mbwa wa nani. Wapare na Wachaga ni majirani, nao hutaniana juu ya fedha na kesi. Na Wazaramo wamekuwaje watani wa Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kwao ni mbali sana? Jibu linalotolewa mara nyingi ni njia ya misafara. Wapagazi kutoka Unyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu, majuma mengi, mpaka Bagamoyo. Aliyeugua njiani alikuwa mbali na kila ndugu. Nani atampa maji? Na akifa, nani atamzika? Ilibidi katika nchi ya ugenini awepo mtu ambaye hawezi kusema, "Huyu simjui."

Jembe ni hilo. Anayekutania ndiye atakayechimba kaburi lako. Yeye humfanyia marehemu kazi ambazo jamaa, kwa uchungu au kwa heshima, hawawezi kuzifanya. Akijilaza kaburini akadai fedha, amekwisha kuchimba. Jasho lake li juu ya udongo ule. Haki ya kumcheka mtu hulipiwa kwa mikono. Mtu atutaniaye mwaka mzima na siku ya msiba haonekani, huyo ametutukana tu.

Wala haya si ya kwetu peke yetu. Huko Mali watu huyaita sanankuya, na mara nyingi hufuata jina la ukoo. Traoré akikutana na Diarra sokoni, hata kama hawajaonana maisha yao yote, aweza kumwita mtumwa wake, au kumwambia kwamba yeye ni mla maharage. Na huyo mwingine hurudisha papo hapo. Ukiwapo ugomvi mkubwa katika nyumba, mtani ndiye atumwaye kupatanisha, kwa maana ni vigumu kumkatalia. Katika nchi jirani ya Niger desturi hii iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu.

Mbali zaidi, huko Montana katika Marekani, wako wenyeji wa asili waitwao Crow. Robert Lowie aliandika kitabu juu yao mwaka 1935. Kwao, wale ambao baba zao ni wa ukoo mmoja ni watani. Mtu akifanya jambo la aibu, jirani hasemi, ndugu hasemi. Mtani husimama mbele ya watu akalitangaza kwa mzaha, na mwenye kosa hana ruhusa ya kukasirika. Twadhani wengi wetu tungechagua kuonywa na mzee wa kanisa faraghani kuliko hivyo! Lakini onyo la namna hiyo halisahauliki.

Hatusemi kwamba kila kinachoitwa utani ni chema. Yuko mwanamume anayewashika wanawake maungo akisema, "Huyu ni shemeji yangu." Yuko mkubwa ofisini anayemcheka karani kwa kabila lake, na karani hathubutu kumjibu. Utani una njia mbili: asiyekubali kurudishiwa hana haki ya kuanza. Tena vijana wetu wengi mjini hawawajui watani wao ni akina nani. Wanaowajua ni Simba na Yanga, watani wa jadi tangu miaka ya 1930. Hatuwalaumu, ila timu hizo hatujasikia zikichimbiana makaburi.

Wengine watauliza kama desturi hii yafaa kwa Wakristo. Tunawakumbusha kwamba katika Yeremia 9:17 wanaitwa wanawake wajuzi wa kuomboleza. Waisraeli nao walikuwa na watu waliowekewa kazi msibani, hawakuiacha familia ijitafutie machozi peke yake.

Katika baraza la mtaa tulibishana juu ya jambo hili jioni mbili. Mwisho tulikubaliana hivi: wakati wa ibada watani watulie kama watu wengine, na jeneza lisiguswe, kabla ya ibada na baada yake wafanye kazi yao, nasi tusiwazuie. Tena katibu aandike katika daftari la mtaa, kwa kila nyumba, watani wake ni akina nani na wanakaa wapi, ili wapelekewe habari mapema.

Msiba uliofuata mama yule alikuja tena. Alitunyang'anya kofia mbili, akadai shilingi 2,000 kwa kila moja, faini ya kumfukuza mwaka ule. Tulilipa.