Somo Letu: Chombo cha Kufuatilia Gari Kinajua Nini?



Siku hizi malori, matrekta na mabasi ya wafanyakazi katika viwanda na mashamba mengi yamefungwa chombo cha kufuatilia gari, ambacho madereva hukiita traka. Dereva akidaiwa kuchelewa au kuiba mafuta, huonyeshwa karatasi iliyotoka katika chombo hicho. Yatupasa tujue karatasi hiyo hupatikanaje.

1. Chombo hujuaje mahali?
Angani, kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, huzunguka satelaiti za mtambo wa GPS wa Marekani, uliokamilika mwaka 1995. Satelaiti hizo hazilioni gari lako. Kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo, kama redio inavyotangaza. Chombo husikiliza satelaiti nne au zaidi, hupima muda ambao kila tangazo limetumia kufika, kisha hupiga hesabu na kujua kilipo. Mahali peupe hukosea kwa mita chache tu. Bondeni, chini ya miti mikubwa au kando ya majengo marefu huweza kukosea zaidi.

2. Habari hufikaje ofisini?
Ndani ya chombo mna laini ya simu. Kila baada ya muda hupeleka mahali gari lilipo, mwendo wake, na kama injini inawaka. Pasipo na mtandao, huziweka habari na kuzipeleka baadaye.

3. Chombo hakijui nini?
Kinajua gari limesimama injini ikiwaka. Hakijui kwamba lilikuwa katika foleni ya mizani, au lilisubiri majani ya chai yapimwe. Kipimo cha mafuta nacho hudanganyika: gari likiegemea mlimani, mafuta huenda upande mmoja wa tangi, na karatasi ikaonyesha yamepungua. Tena chombo kwa kawaida hufuata saa ya Greenwich. Kenya, Uganda na Tanzania ziko mbele kwa saa 3. Rwanda na Burundi kwa saa 2. Ofisi isiporekebisha, aliyeondoka Kampala saa 2 asubuhi ataandikwa kuwa aliondoka saa 11 alfajiri.

4. Tufanye nini?
Dereva awe na daftari lake: saa ya kuondoka, saa ya kusimama, na sababu. Akishtakiwa, aombe rekodi ya siku nzima kabla ya kutia sahihi. Sheria za kulinda habari za mtu za Kenya na Uganda ni za mwaka 2019, ya Rwanda ni ya mwaka 2021 na ya Tanzania ni ya mwaka 2022. Zinampa mtu haki ya kuuliza ni habari zake zipi zimewekwa. Tusisahau: chombo kilichoandika kuchelewa kwetu kimeandika pia saa tulizofanya kazi baada ya zamu.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Katika kazi yetu, nani huisoma rekodi ya magari?
(b) Je, malipo ya saa za ziada yanalingana na rekodi hiyo?
(c) Dereva akishtakiwa, nani wa tawi atakaa naye?