Kifaa cha Kufuatilia Mnyama: Kisifunguliwe, Kisichomwe

Kifaa cha kielektroniki hufungwa mwilini mwa mnyama ili ijulikane anakokwenda akiwa haonekani. Baharini kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa kuwa mawimbi ya redio hayapiti vizuri kwenye maji ya chumvi. Ndiyo maana papa potwe wa Kisiwa cha Mafia walifungwa vifaa vinavyotoa mlio, na vipokezi vya kuunasa vikawekwa chini ya maji.

Potwe huonekana Mafia hasa kati ya Oktoba na Februari, kisha hutoweka machoni. Ilidhaniwa wamehama. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalibainisha kuwa wapo palepale mwaka mzima, ila huogelea kwenye kina kirefu na mbali na ufuko, yaelekea wakifuata chakula. Macho ya mtu peke yake yasingegundua hilo.

Wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, hazina bahari, lakini zimeguswa na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Korongo weupe wa Ulaya, baadhi wakiwa na vifaa mgongoni, hufika Afrika Mashariki kila mwaka. Tembo nao huvishwa kola katika hifadhi mbalimbali za Tanzania. Kwa hiyo hata huko kifaa kinaweza kuokotwa shambani au kando ya mto.

Hakiletwi kupeleleza watu. Hurekodi mahali na muda, na pengine kina au joto. Mwaka 2013 huko Qena, Misri, korongo alikamatwa kwa kushukiwa ujasusi. Ikathibitika amebeba kifaa cha watafiti wa ndege.

Hatari iko kwenye betri. Nyingi ni za lithiamu, na zikipasuliwa, zikigongwa au kutupwa motoni huweza kuwaka au kulipuka. Kifaa kisifunguliwe. Kisichomwe. Kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wala watoto wasipewe wakichezee.

Kinachookotwa kinapelekwa ofisi ya kijiji, au kwa ofisa wanyamapori au uvuvi wa wilaya, pamoja na maelezo ya mahali na tarehe. Mnyama aliye hai asisumbuliwe. Mzoga usiguswe: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara, yaani mnyama au sehemu zake, bila kibali. Masharti mengine huelezwa na ofisa huyo.

Kukirudisha kizima kuna maana kubwa. Baadhi ya vifaa vya baharini huchomoka vyenyewe, huelea na kutuma muhtasari tu kwa setilaiti. Kumbukumbu kamili hubaki ndani. Kikivunjwa, safari nzima ya mnyama hupotea, na hakuna wa kuisimulia upya. Narudia: kisifunguliwe.

Kilichokwisha kuvunjika kiachwe mahali penye hewa, mbali na moto na watoto, na taarifa itolewe mapema ili ofisa akifuate.