Mizinga ya Rufiji na Elimu ya Kuboresha Vifaru

Watu wengi hudhani kwamba chombo cha vita kilichochakaa hurudishiwa ujana kwa kufungiwa kifaa kipya. Kwa hakika, kila kifaa kinachoongezwa hudai kitu kutoka kwa mwili unaokibeba. Jambo hili lilidhihirika zaidi ya miaka 100 iliyopita katika delta ya Mto Rufiji, katika nchi ambayo leo ni ya Wilaya ya Kibiti, yenye kata ya Dimani.

Mzinga ulioacha meli

Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja. Kisha ilijificha katika mikono ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Waingereza waliifunga milango ya mto. Tarehe 11 Julai 1915, meli zao mbili za maji machache, Severn na Mersey, ziliiharibu vibaya hata mabaharia wake wakailipua wenyewe. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ilitolewa na kukokotwa hadi Dar es Salaam, ambako mafundi waliiundia magari ya magurudumu. Silaha ya bahari ikawa silaha ya nchi kavu.

Hesabu ya teke

Kombora la mzinga huo lilikuwa na uzito wa kadiri ya kilo 17, na lilitoka kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde. Uzito ukizidishwa kwa mwendo hupatikana kadiri ya 12,000. Kwa kanuni ya Newton, mzinga nao husukumwa nyuma kwa kiasi hicho hicho, mbali na nguvu ya gesi za baruti.

Meli ya tani 3,000 ikipokea teke hilo hupata mwendo wa milimita 4 tu kwa sekunde. Mzinga na gari lake, vikiwa na tani 3 kwa jumla na vikiachwa huru, hurudi nyuma kwa mita 4 kwa sekunde, kama mtu anayekimbia. Kwa hiyo gari lilihitaji kuwa imara na kushikiliwa ardhini. Na uimara ni uzito.

Uzito huo uliwaangukia watu. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua wanyama wa kukokota. Mamia ya Waafrika walifungwa kazi ya kuvuta kamba, katika vita ambavyo viliua makumi ya maelfu ya wapagazi. Mizinga iliyoshindikana kuvutwa ililipuliwa na kuachwa njiani. Mmoja uliosalia huonekana leo Fort Jesus, Mombasa.

Kifaru nacho ni vivyo hivyo

Kifaru cha Kichina cha Type 59, ambacho asili yake ni T-54 ya Kirusi, kimetumiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, pamoja na aina yake iliyoboreshwa, Type 59G. Kifaru cha asili kina tani 36, mzinga wa milimita 100 na injini ya nguvu za farasi 520. Yaani kila tani hupata nguvu za farasi 14.4.

Tuseme kimeongezewa deraya na mzinga mkubwa, vyenye tani 4. Sasa kila tani hupata nguvu za farasi 13 tu. Ili kurudisha wepesi wa awali, inatakiwa injini ya nguvu za farasi zipatazo 578. Injini hiyo hudai gia imara, kipoza maji kikubwa zaidi na mafuta mengi zaidi. Aidha, minyororo isipopanuliwa, mgandamizo juu ya ardhi huzidi kwa sehemu moja ya tisa. Katika tope la Rufiji wakati wa masika, sehemu hiyo yaweza kuwa tofauti baina ya kupita na kuzama.

Basi mhandisi anayetaka kuboresha kifaru kikuukuu hana budi kuuliza mambo matatu: Je, mwili utakibeba kifaa kipya? Je, ardhi na madaraja yatamudu uzito wake? Je, makombora na vipuri vitapatikana siku njia za bahari zitakapofungwa? Mafundi wa mwaka 1915 walilijibu swali la kwanza kwa ustadi. Mawili yaliyosalia yalijibiwa na wapagazi, kwa migongo yao.