Kabla Hujaipandisha Kitonga Pikipiki Mpya

Kabla ya kufika mlima Kitonga, barabara ya Dar es Salaam hadi Iringa inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Hapo si mahali pa kukatikiwa na cheni jioni, tembo wakivuka.

Cheni ndiyo huwaangusha wengi. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, ibonyeze cheni katikati, upande wa chini. Kwa pikipiki nyingi ndogo inatakiwa icheze sentimita 2 hadi 3. Ikilegea inaruka meno. Ikikaza mno inakula beringi. Zungusha tairi uipime sehemu kadhaa, maana cheni iliyochoka hukaza hapa na kulegea pale. Hiyo usiikaze tena, nunua nyingine pamoja na sproketi zake. Begi libebe loki ya cheni, plagi na spana yake, na waya wa klachi.

Oili ya kwanza imwagwe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, safari iwepo isiwepo.

Halafu muuzaji. Huyo anayekuchekea siku ya kulipa ndiye atakayekuambia "spea zinakuja wiki ijayo". Dai risiti ya EFD na karatasi ya waranti yenye namba ya chesisi. Kila sevisi igongewe muhuri. Ukirudisha pikipiki mbovu, andika tatizo, piga picha mita ya kilomita, ubaki na nakala. Malalamiko ya mdomo hukanushwa kirahisi. Akizidi kukuzungusha, peleka karatasi hizo Tume ya Ushindani, FCC, inayopokea malalamiko ya walaji.