Rangi za Ngeli: Makosa Matatu ya Jedwali Moja

Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo nilikusanya majina ya Kiswahili hapa Kamina, nikayaweka katika programu ndogo niliyojiandikia. Jedwali lake ni DataGridView ya Microsoft: safu ya umoja, safu ya wingi. Nilitaka kila ngeli iwe na rangi yake: kijani kwa ngeli ya mtu, manjano kwa ya mti, bluu kwa ya kitu.

Kosa la kwanza: nilipaka rangi kwa kufuata namba ya mstari. Nilipopanga maneno kwa alfabeti, maneno yalihama, rangi zikabaki. «Mti» ukavaa kijani. Dawa ilikuwa tukio liitwalo CellFormatting: kila kisanduku kinapotaka kuonyeshwa, programu huangalia kwanza kina neno gani, ndipo hukipa rangi. Rangi ifuate neno, si mahali.

Kosa la pili lilikuwa la sarufi. Niliagiza: neno likianza na m-, liwe kijani. Lakini mtu na mti huanza sawa. Wingi ndio unaowatenganisha, watu na miti. Kanuni ikabidi isome safu zote mbili.

Kosa la tatu ndilo lililonifunza zaidi. Katika wingi nilikuwa nimeandika wa- na vi- peke yake. Maneno niliyoyasikia sokoni, bantu, batoto, bintu, yakabaki meupe, na kwangu nyeupe ilimaanisha «kosa». Kumbe Kiluba kina bantu na bintu vilevile, na Kiswahili cha Katanga kina utaratibu wake. Programu haikugundua kosa lolote. Ilirudia tu hukumu niliyoiandika mwenyewe juu ya usemi wa nyumbani. Nimeweka ba- kando ya wa-, bi- kando ya vi-. Nyeupe sasa maana yake ni «bado halijachunguzwa».

Wenzangu, kabla ya kupaka rangi, andikeni kanuni yenu kwa sentensi moja, kisha ijaribuni kwa neno kipofu. Umbo lake ni ki-/vi-, lakini katika Kiswahili sanifu tunasema «kipofu amefika». Mkifuata umbo, ni bluu; mkifuata upatanisho, ni kijani. Kompyuta itatii yote mawili. Kuchagua, na kueleza sababu, ni kazi yetu.